Hundi, Cherehani na Ijumaa Alasiri

"Mjomba, hundi ni kitu gani?"

Swali zuri hilo, mwanangu. Tena lina haki ya kuulizwa, maana nyinyi mmezaliwa mkaikuta M-Pesa. Tangu 2007 pesa zetu hapa Kenya zinapita kwenye simu, na wengi wenu hamjawahi kumwona mama akitoa kitabu cha hundi mkobani. Lakini hundi hazijafa. Shule zinazipokea. Kampuni zinazitoa. Na matapeli wa mtandaoni wanazipenda mno. Sogeeni basi. Wadogo waje mbele.

Tuanze na unga.

Tuseme mama ana debe lake la unga, amelihifadhi kwa Shangazi. Mama anadaiwa kibaba kimoja na jirani. Badala ya kwenda mwenyewe, anachukua karatasi, anaandika: "Shangazi, mpimie huyu kibaba kimoja kutoka debe langu." Anatia saini. Anampa jirani.

Sasa niambieni. Jirani ana nini mkononi?

"Ana unga!"

Hana. Hebu aikande ile karatasi tuone. Aisukume, aichome kwenye chuma cha chapati. Itaungua tu. Karatasi si unga. Jirani lazima aipeleke kwa Shangazi. Shangazi ataitazama saini: huu ni mwandiko wa mwenyewe? Kisha atafunua debe: unga umo? Hapo tu ndipo atakapochukua kibaba apime.

Hundi ndiyo karatasi hiyo. Debe ni akaunti. Shangazi ni benki ya yule aliyeandika. Unga ni shilingi.

"Na kama debe ni tupu, Mjomba?"

Nani kauliza? Njoo nikupe mkono! Umeuliza swali ambalo watu wazima wengi hulikumbuka wakiwa wameshachelewa. Debe likiwa tupu, karatasi inarudi kama ilivyokwenda. Na jirani aliyekwisha kubandika chuma motoni atakiondoa.

Paukwa! ... Nasubiri mwitikie. Pakawa! Haya. Leo hundi yenyewe ina sauti. Isikilizeni.

"Naitwa Hundi. Nimezaliwa kwenye kitabu chenye ndugu zangu wengi, tumepangwa kwa namba. Usoni nina mahali pa tarehe, mahali pa jina la atakayelipwa, mahali pa kiasi kwa maneno na mahali pa kiasi kwa tarakimu. Pembeni, upande wa kulia, nangoja saini. Na huku chini kabisa nina namba zenye umbo la ajabu ajabu, zimechapwa kwa wino wa sumaku ili mashine izisome. Nikichorwa mistari miwili usoni, hakuna keshia atakayenilipa mkononi. Lazima nipitie kwenye akaunti.

"Watu wakiniona hudhani wameona pesa. Jamani, mimi si pesa. Mimi naomba tu. Naomba benki ya aliyeniandika imlipe mtu fulani. Zamani nilipandishwa gari mpaka Nairobi, kwenye jumba ambako benki zilikutana kubadilishana hundi. Tangu 2011 sisafiri tena mwili mzima. Napigwa picha, na picha ndiyo inayokwenda. Lakini picha nayo lazima ifike, itazamwe, ijibiwe. Kwa kawaida jibu hutoka siku ya kazi inayofuata. Ya kazi, nimesema. Jumamosi na Jumapili msinitafute.

"Na jibu huwa ndiyo au hapana. Hapana ina sababu nyingi. Pesa hazitoshi. Saini haifanani. Akaunti ilishafungwa. Maneno yanasema elfu thelathini, tarakimu zinasema elfu themanini. Tarehe haijafika. Mwenyewe amepiga simu benki akasema nisilipwe. Au mimi mwenyewe ni wa kughushi, nimetengenezwa kwenye kompyuta na mtu asiye na debe kwa Shangazi yeyote."

Mmesikia? Haikuficha kitu. Hundi haina hila, wanangu. Hila ni za anayeituma.

Sasa kisa. Palikuwa na mama mmoja, fundi wa nguo, Majengo, Mombasa. Alikuwa na cherehani ya umeme, nzuri, ya zamani kidogo. Rangi yake ilikuwa imekwanguka mahali pamoja tu, pale ambapo kiganja cha fundi hupumzika kitambaa kikipita chini ya sindano. Alipopata nyingine mpya, akaipiga picha ile ya zamani, akaiweka mtandaoni. Bei: shilingi 38,000.

Siku hiyohiyo akaandikiwa. "Shikamoo, mama. Nimeipenda cherehani. Naichukua." Mnunuzi alisema ananunua kwa ajili ya shule ya ufundi, Kilifi. Alisema shule hulipa kwa hundi. Aliomba namba ya akaunti. Hakuomba kuiona cherehani ikishona. Hakuomba hata kupunguziwa shilingi 100.

Tusimame hapa kidogo. Mombasa hii, mtu anunue cherehani iliyotumika bila kupatana bei? Bila kuuliza sindano, bila kukanyaga pedali asikie mlio? Mnunuzi wa kweli husumbua. Anauliza, anarudi, anauliza tena. Mimi nawapenda wanunuzi wasumbufu. Yule asiyesumbua kabisa, mtazameni mara mbili, maana huenda hajali bei kwa kuwa hana nia ya kuilipa.

Tuendelee. Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri, simu ya mama ikalia. Ujumbe wa benki: akaunti yako imeingizwa shilingi 38,000. Dakika chache baadaye ikaja picha ya karatasi ya benki ya kuwekea pesa, ina muhuri, ina tarehe, ina jina la mama. Kisha sauti yenye adabu: "Mama, umeona? Dereva wa tuktuk yuko njiani. Naomba umkabidhi leo, watoto wana mtihani Jumatatu."

Mama huyo alikuwa na binti, Gredi ya 6. Binti aliichukua simu. Akaikuza ile picha kwa vidole viwili. Akasoma mstari kwa mstari, kidole kikitangulia. Akasema, "Mama, mahali pa pesa taslimu pako wazi. Kiasi kimeandikwa kwenye safu ya hundi."

Mpigieni makofi! Benki ilipokea karatasi tu, haikupokea noti hata moja, na ushahidi ulikuwa pale pale, chini ya kidole cha mtoto. Muhuri ule haukusema kwamba pesa zimelipwa. Ulisema tu kwamba karatasi imepokelewa.

Mama akasita. Tuktuk ikapiga honi nje. Mama akasema, "Lakini benki wenyewe wameniandikia." Kisha akasema neno ambalo mimi nalipa uzito kuliko yote: "Na nitamwambiaje mtu mzima, mwenye heshima zake, kwamba simwamini?"

Cherehani ikapakiwa.

"Kwa nini hakumsikiliza binti yake?"

Kwa sababu ya haya, mwanangu. Haya ni kitu kizuri. Tumelelewa nayo. Hatumkatizi mkubwa maneno, hatumwambii mgeni angoje mlangoni, hatumwiti mtu mwongo mbele ya watu. Tapeli amelelewa papa hapa, anaijua haya yetu kama tunavyoijua sisi. Ndiyo maana alianza na shikamoo. Ndiyo maana akawataja watoto na mtihani. Hakuuvunja mlango wa mama yule. Alifunguliwa, kwa sababu mama aliona vibaya kumweka mtu nje.

Nami nawaambia wazi: kumwambia mnunuzi angoje hundi ilipwe si utovu wa adabu. Mnaweza kulisema kwa upole wote. "Ahsante, baba, nimeiona hundi. Benki ikinithibitishia kwamba imelipwa, cherehani ni yako, nitaifunga vizuri." Hapo umemtukana nani? Mwenye shule ya kweli atasema sawa, kwani mhasibu wake anajua hundi huchukua muda. Atakayekasirika ni yule mwenye sababu ya kuogopa Jumanne.

"Jumanne kuna nini, Mjomba?"

Vizuri, hujasinzia. Hesabu nami. Hundi iliwekwa Ijumaa, alasiri imekwenda. Kazi ya siku hiyo ya kutuma picha imekwisha au inakaribia kwisha. Jumamosi na Jumapili, Hundi mwenyewe ametuambia, hayumo. Jumatatu picha inakwenda. Jumanne jibu linarudi. Tapeli akichagua Ijumaa amejinunulia siku nne bila kutoa hata shilingi. Ikiwa Jumatatu ni sikukuu, furaha yake inazidi. Katika siku hizo ujumbe wa benki unakaa kwenye simu yako, mzuri, unang'aa, na hauna hata shilingi moja ndani yake.

"Basi benki ilimdanganya mama!"

Taratibu. Hapo pana jambo gumu kidogo, lakini nyinyi mnaliweza. Turudi kwa unga. Jirani naye ana Shangazi wake, siyo yule wa mama. Anampelekea karatasi. Shangazi wa jirani anaandika daftarini: "Kibaba kimoja, kinakuja." Anamwonyesha jirani daftari. Daftari halisemi uongo, kibaba kimeandikwa. Lakini debe la jirani bado halijaongezeka. Shangazi huyu wa pili anamngoja yule wa kwanza ajibu.

Benki nazo zina hesabu mbili za namna hiyo. Liko salio la daftari, linalohesabu hata hundi ambazo hazijajibiwa. Na liko salio unaloweza kulitoa leo hii, ukaondoka nalo. Hundi ikiingia, salio la daftari hupanda papo hapo. La pili hubaki palepale mpaka jibu lije. Ujumbe wa simu wa baadhi ya benki hausemi ni salio gani lililopanda, wala hausemi kilichoingia ni hundi au ni noti. Binafsi nadhani ujumbe huo ungepaswa kusema waziwazi: hii ni hundi, bado haijalipwa. Maneno matano tu, yangeokoa vyombo vya watu wengi. Mpaka siku hiyo ifike, swali la kumuuliza karani ni hili: "Naweza kuzitoa pesa hizi sasa hivi?" Msiulize kama zimeingia. Ulizeni kama zinatoka.

Jumanne asubuhi ujumbe wa pili ukaja. Shilingi 38,000 zimeondolewa, na ada ya hundi kurudishwa imekatwa juu yake. Mama akampigia mnunuzi. Mnajua alichokisikia. "Mteja hapatikani kwa sasa." Akampigia tena. Hapatikani. Hundi ile ilikuwa karatasi ya kitabu kilichoibwa, ya akaunti iliyokwisha kufungwa. Dereva wa tuktuk alitafutwa akapatikana, maskini. Aliitwa kwa simu, akalipwa nauli yake, akaishusha cherehani Mtwapa kando ya barabara. Hakujua lolote zaidi.

"Polisi hawamkamati mtu kama huyo?"

Sheria ipo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 316A, inasema anayetoa hundi akijua haitalipwa ametenda kosa. Anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Lakini sheria inahitaji mtu wa kushikwa, na huyu alijificha nyuma ya jina la mwingine na laini ya simu aliyokwisha kuitupa. Hata hivyo mama alikwenda kituoni, na alifanya vyema. Alichukua picha ya karatasi ya benki, jumbe zote, namba zote za simu, na hundi iliyorudishwa. Hakufuta hata ujumbe mmoja. Pengine watu wengine walioibiwa na mtu yuleyule watakuja na vipande vyao, picha ikamilike.

Sasa nataka niwasimulie ujanja wa pili, maana huu unaiba pesa kabisa, siyo chombo. Umezoeleka sana Marekani, na baadhi yenu mna kaka na shangazi zenu kule Minnesota na Texas wanaouza makochi mtandaoni wakihama nyumba.

Kochi linauzwa dola 300. Mnunuzi anatuma hundi ya dola 1,800. "Samahani," anasema, "nimezidisha. Hizo za ziada ni za watu wa kubeba. Weka hundi benki, toa 300 zako na 100 za usumbufu, zinazobaki mtumie mbebaji." Mwenye kochi anaiweka hundi. Kesho yake anakwenda benki, na pesa anapewa! Anazihesabu kwa mkono wake. Anatuma dola 1,400 kwa mbebaji. Baada ya siku kadhaa, wakati mwingine majuma kadhaa, benki inagundua hundi ni ya kughushi, na inamwambia mwenye kochi: rudisha 1,800.

"Lakini Mjomba, umesema tuulize kama pesa zinatoka! Zilitoka!"

Hilo ndilo nililokuwa nikilingoja. Ulinisikiliza kweli, na umenibana. Hapo Marekani ni tofauti na hapa. Zamani benki za kule zilikuwa zikishikilia pesa za watu muda mrefu mno, na watu wakalalamika. Mwaka 1987 bunge lao likapitisha sheria ya kuzilazimisha zitoe pesa za hundi mapema, na hundi zinazoandikwa na benki yenyewe mara nyingi hutolewa siku ya kazi inayofuata. Sheria hiyo ilitungwa kumsaidia mwenye akaunti. Lakini maana yake ni kwamba Shangazi wa pili hukukopesha kibaba kutoka debe lake mwenyewe, kabla Shangazi wa kwanza hajajibu. Jibu likija hapana, kibaba chake anakidai kwako. Hatamdai mnunuzi, hamjui. Wewe anakujua.

Kwa hiyo kwa kaka zenu wa kule, liko jambo moja lisilohitaji benki wala karani. Hakuna mnunuzi wa kweli anayemlipa mgeni zaidi ya bei halafu akaomba arudishiwe. Hayupo. Chenji ikiombwa, biashara imekwisha, hundi irudishwe au ipelekwe kwa polisi. Ujanja huo umeshafika na kwetu, ila kwetu chenji huombwa kwa M-Pesa. Na hapo ndipo ubaya wake ulipo: pesa yako inakwenda kwa nukta chache, hundi yake inatembea kwa siku nyingi. Tapeli anaishi katikati ya mwendo huo wa haraka na ule wa polepole.

Je, hundi ya benki, ile isiyoandikwa na mtu bali na benki yenyewe, ni salama? Ni bora, lakini nayo hughushiwa. Ipigie simu benki iliyoitoa, watajie namba ya hundi. Na namba ya simu ya benki itafute mwenyewe, usiipige ile iliyochapwa kwenye hundi, kwani aliyechapa hundi ya uongo hashindwi kuchapa na simu ya rafiki yake. Tena kwa vitu vikubwa, hapa Kenya tangu 2009 hundi ya zaidi ya shilingi milioni 1 haipitishwi kati ya benki na benki. Akija mtu na hundi moja ya milioni 2 kwa ajili ya gari la baba, mtoto wa Gredi ya 6 anaweza kumwambia ukweli huo.

"Basi hundi ni mbaya, tusizichukue?"

La, mwanangu. Hundi zimejenga maduka na kulipa karo za watu kwa miaka na miaka. Ila hundi inataka vitu viwili: umjue aliyeandika, na uwe na muda wa kungoja. Mtandaoni mara nyingi humjui, naye hakupi muda. Kwa mgeni wa mtandaoni mimi sichukui hundi, na sioni aibu kusema hivyo.

Yule mama bado anauza mtandaoni. Anapendelea kulipwa kwa M-Pesa mnunuzi akiwa mbele yake, na hata hapo haamini ujumbe, kwa sababu jumbe nazo hughushiwa. Anabonyeza *334#, anaangalia salio lake mwenyewe, kisha ndiyo anakabidhi. Juzi aliuza mashine ya kupinda kingo za nguo kwa mwenye duka wa Likoni, ambaye kweli alikuwa na hundi tu. Hundi iliwekwa Jumatano asubuhi. Binti akampeleka mgeni barazani, akamletea maji, akamwambia, "Mjomba, mashine yako tumeiwekea alama, hatauziwa mwingine, lakini itaondoka hundi ikilipwa." Yule mtu akacheka, akasema hata yeye dukani kwake hufanya hivyohivyo. Ijumaa mama akamuuliza karani lile swali la kutoka, akaambiwa ndiyo, na mzigo ukavuka feri siku hiyohiyo.